Seti ya kuchachusha mabaki ya chakula kwa mtambo wa majitaka: inalipa wapi, inakwama wapi

Bidhaa inayopimwa hapa ni ile seti inayouzwa ikiwa imefungwa kwenye fremu moja: mashine ya kusaga, tangi la kuchachushia lenye kikorogeo, kichujio cha skrubu, tangi la akiba na pampu ya kudondoshea. Unaingiza mabaki ya chakula upande mmoja, unatoa maji ya chachu upande wa pili, maji yenye asidi nyepesi ambazo bakteria wa mtambo wa majitaka huzila upesi wanapoondoa naitreti, ile naitrojeni iliyoyeyuka majini. Waundaji ni wengi, lakini mpangilio wa ndani ni uleule na kasoro ni zilezile, kwa hiyo hukumu hii ni ya aina nzima ya bidhaa.

Alama yetu ni tatu kwa tano. Uchachushaji wenyewe ni kazi inayoeleweka na haina miujiza, na tangi la katikati kwa kawaida hutengenezwa vizuri. Alama mbili zinapotea kwenye ncha zake: namna mabaki yanavyoingia, na namna maji ya chachu yanavyopimwa kabla ya kumiminwa. Ncha hizo ndizo muuzaji anazozipitia harakaharaka.

Je, mtambo una njaa kweli?

Bakteria wanaoondoa naitreti huvuta oksijeni iliyofungwa ndani ya naitreti pale wanapokosa oksijeni huru, kisha naitrojeni inayobaki hupanda hewani ikiwa gesi. Wakifanya kazi hiyo sharti wale. Kwa hesabu tupu ya kikemia, gramu 1 ya naitrojeni iliyomo kwenye naitreti hutaka gramu 2.86 za COD, yaani kile kipimo cha oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote kwa kemikali. Kwa kuwa sehemu ya chakula hujenga miili ya bakteria wenyewe, mahitaji halisi huwa kati ya gramu 4 na 8. Majitaka yaliyozimuliwa na maji ya mvua, au yaliyopita kwenye tangi la awali la kutuamisha lililonyang'anya karibu kila kitu kinacholiwa, hayana akiba hiyo.

Lakini naitreti ikiwa juu kwenye maji ya mwisho, hiyo peke yake haithibitishi njaa. Pima mahali maji yanapotoka kwenye chumba kisichopulizwa hewa. Ukikuta chini ya miligramu 1 kwa lita pale, ilhali maji ya mwisho yana 15, bakteria wamemaliza kila walicholetewa na tatizo ni kwamba hawaletewi naitreti ya kutosha. Chumba hicho kikiwa mbele ya chumba cha hewa, sehemu ya naitreti inayoweza kuondolewa haizidi R/(1+R), ambapo R ni jumla ya maji na tope vinavyorudishwa ukigawa kwa majitaka yanayoingia. R ya 2 hukupa asilimia 67. R ya 4, asilimia 80. Hapo ongeza nguvu ya pampu ya kurudishia. Seti hii haitakusaidia chochote, hata uimimine usiku kucha.

Ukikuta miligramu 5 au zaidi pale pa kutokea, pima oksijeni iliyoyeyuka kabla ya kufikiria kununua. Ikizidi miligramu 0.5 kwa lita, kuna hewa inaponyoka kutoka chumba cha pili au maji ya kurudi yamepulizwa kupita kiasi, na kila gramu ya oksijeni huru inayoingia huteketeza zaidi ya gramu 2 za COD kabla bakteria hawajaigusa naitreti. Funga vali za hewa za mwisho kidogo. Naitreti ikiendelea kubaki baada ya hapo, ndipo kaboni, yaani chakula cha bakteria hao, inakosekana.

Jaribio la chupa tatu

Muuzaji akikuletea sampuli ya maji ya chachu, usiikubali kwa karatasi ya maabara yake pekee. Chukua tope kutoka chumba kisichopulizwa, ligawe kwenye chupa tatu za lita moja. Kila moja itie miligramu 217 za potasiamu naitreti, ambazo ni miligramu 30 za naitrojeni. Ya kwanza usiilishe kitu. Ya pili itie miligramu 190 za asetati ya sodiamu kavu, sawa na miligramu 150 hivi za COD. Ya tatu itie maji ya chachu yenye COD hiyohiyo. Yakiwa na gramu 50 kwa lita, hiyo ni mililita 3. Korogea polepole, mdomo umefunikwa, na uangalie pH ibaki kati ya 7 na 8. Chota kila baada ya dakika 15 kwa saa mbili, chuja papo hapo, pima naitreti. Usisahau kupima naitraiti pia, ambayo ni hatua ya kati kabla naitreti haijawa gesi, kwa sababu naitreti huweza kupungua upesi huku naitraiti ikirundikana, na ukitazama namba moja tu utadhani kazi imekwisha.

Gawa kasi ya kushuka kwa uzito wa tope linaloungua (VSS). Chupa isiyolishwa kwa kawaida hutoa chini ya miligramu 1 ya naitrojeni kwa gramu ya VSS kwa saa. Chakula kigumu kumeng'enywa hutoa kati ya 1 na 3. Chakula chepesi hupita 3. Maji mazuri ya chachu hukimbia karibu sawa na asetati hapo mwanzo, kisha mstari huvunjika na kushuka kwa mteremko mdogo: asidi zimeisha, wanga na protini vilivyobaki vinaliwa taratibu. Mstari ukivunjika baada ya dakika 20, sehemu kubwa ya COD uliyouziwa haina faida ndani ya muda ambao maji hukaa kwenye chumba chako.

Ukubwa unaohitajika, kwa mfano mmoja

Tuseme mtambo unapokea mita 1,000 za ujazo kwa siku, na unataka kushusha naitrojeni ya naitreti kutoka miligramu 20 hadi 10 kwa lita. Hiyo ni kilo 10 za naitrojeni kwa siku. Kwa gramu 6 za COD kwa kila gramu ya naitrojeni, unahitaji kilo 60 za COD inayolika.

Mabaki ya chakula yenye asilimia 20 ya vitu vikavu hubeba takriban kilo 250 za COD kwa tani. Si zote zinazoyeyuka. Ukipata kilo 100 kwenye maji kwa kila tani baada ya kuchachusha na kuchuja, umefanya kazi nzuri. Kwa hiyo unataka kilo 600 za mabaki kila siku, Jumapili ikiwemo. Changanya na lita 750 hivi za maji yaliyokwisha kusafishwa na mtambo, upate lita 1,350. Baada ya kuchuja utabaki na lita 1,200 zenye gramu 50 za COD kwa lita, na takriban kilo 150 za makapi yenye unyevu.

Sasa tazama tangi. Uchachushaji kwenye nyuzi 35 za selsiasi unataka siku 3 hivi. Lita 1,350 mara tatu ni mita 4 za ujazo, na ukiacha nafasi ya povu juu, tangi la mita 5. Seti yenye tangi la mita 2 inayodaiwa kuhudumia mtambo wa ukubwa huu inayapa mabaki siku moja na nusu tu, na kinachotoka ni mabaki yaliyosagwa yakaanza kuchachuka. COD jumla itaonekana kubwa kwenye karatasi. Asidi zitakuwa chache. Hii ndiyo hila ya kawaida kuliko zote kwenye michoro ya mauzo, na huonekana kwa kugawanya namba mbili.

Joto nalo lina gharama yake. Kupandisha lita 1,350 kutoka nyuzi 20 hadi 35 hula kilowati-saa 24 kila siku, bado hujahesabu linalopotea kupitia kuta. Mtambo wenye bayogesi unalipata joto hilo bure. Usipokuwa nalo, acha nyuzi 25 na uongeze siku hadi tano au sita, maana yake tangi kubwa zaidi. Heri tangi kubwa la plastiki kuliko hita ndogo.

Mlango wa mabaki

Mashine ya kusaga inayokuja na seti hizi mara nyingi ni ya nyundo, iliyoundwa kwa mabaki yaliyokwisha kuchambuliwa. Mabaki halisi huja na vijiko, mifupa, vifuniko vya chupa na mifuko ya plastiki. Kijiko husimamisha mashine na kinaonekana. Mfuko ni adui mbaya zaidi, kwa sababu mashine huukata kuwa vipande vidogo visivyokamatwa na chochote baadaye, na vipande hivyo hufika hadi kwenye tope. Uchambuaji lazima ufanyike kabla ya kusaga: meza yenye mwanga, sumaku juu ya mkanda, na mtu mwenye glavu. Seti nyingi hazina meza hiyo kabisa. Ihesabu kama sehemu ya ununuzi.

Mashine ya mihimili miwili inayozunguka polepole hustahimili mifupa vizuri kuliko ya nyundo. Saga hadi milimita 5 hadi 10. Ukisaga laini zaidi, uchachushaji huharakika kidogo, lakini kichujio kinateseka, kwani chembe ndogo hupita kwenye wavu na kwenda kuongeza uzito wa tope.

Maganda ya mayai na mchanga wa mboga huzama chini ya tangi na kuwa mwamba baada ya miezi. Tangi lenye kitako bapa halifai. Dai kitako cha koni chenye vali ya kutolea mashapo ya inchi 3 au zaidi. Maganda ya machungwa na ndimu yapunguze, kwa kuwa limonini iliyomo kwenye mafuta yake hudumaza bakteria wa uchachushaji. Mafuta ya kukaangia yasiingie kabisa.

Ndani ya tangi

Kuna njia mbili, na muuzaji anapaswa kukuambia anauza ipi.

Njia ya kwanza ni kuacha pH ishuke yenyewe. Ndani ya siku moja au mbili hufika 4 au chini ya hapo, bakteria wa asidi ya laktiki hutawala, na kila kitu hutulia. Ni rahisi, haihitaji kemikali, na maji yake hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Asidi ya laktiki huliwa vizuri na waondoaji wa naitreti. Kasoro ni kwamba kiasi kinachoyeyuka ni kidogo, sababu asidi ikizidi huwazuia hata wale wanaoitengeneza.

Njia ya pili ni kushikilia pH kati ya 5.5 na 6.5. Hapa hupatikana mchanganyiko wa asidi za asetiki, propioniki na butiriki, na mabaki huyeyuka zaidi. Gharama yake ni alkali. Kwa mfano wetu, iwapo nusu ya zile kilo 60 za COD ni asidi, utahitaji kilo 12 hivi za chokaa iliyozimwa kila siku ili kukaribia pH 6. Kostiki soda hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi kinachokaribiana, na ni rahisi kuipampu, lakini huacha gramu 5 hadi 6 za sodiamu kwa kila lita ndani ya tangi, kiwango kinachoanza kuwaelemea bakteria hasa mabaki yenyewe yakiwa na chumvi. Chokaa ina faida ya ziada: kalsiamu yake hukamata sehemu ya fosforasi na kuibakiza kwenye makapi. Ubaya wake ni ukoko kwenye kipima pH. Kisafishe kwa kisafishio cha asidi kila wiki, na usiamini kipimo kisichosogea kwa siku nzima.

Usimwage mabaki mapya kwenye tangi tupu. Acha angalau sehemu moja ya kumi ya maji ya awali iwe mbegu. Mara ya kwanza kabisa, tope bichi kutoka tangi la awali la kutuamisha hutosha. Kikorogeo kiende polepole, mizunguko 30 hadi 60 kwa dakika. Kikienda kasi huvuta hewa, na hewa hula kile unachojaribu kutengeneza.

pH ikizidi 6.5 na maji yakikaa zaidi ya siku nne kwenye joto, bakteria wa methani huamka. Dalili ni gesi nyingi na COD inayoshuka ilhali mabaki yanayoingia ni yaleyale. Punguza siku, shusha pH hadi 5.5, wataondoka na maji.

Jambo ambalo vitabu vya maelekezo hulitaja kwa mstari mmoja wakati linastahili ukurasa: tangi hili hutoa haidrojeni pamoja na kaboni dioksaidi. Haidrojeni huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Bomba la kutolea gesi lipande nje ya jengo, mota ya kikorogeo iwe ya aina isiyotoa cheche, na mtu asiingize kichwa kwenye mdomo wa tangi hata likiwa limemwagwa, kwa kuwa salfaidi ya haidrojeni hubaki chini na huua pua kabla haijamuua mwenye pua.

Kichujio, na mafuta

Kichujio cha skrubu chenye wavu wa nusu milimita ndicho kinachofaa. Baadhi ya seti za bei ya chini huja na mifuko ya kuchujia, usikubali. Mafuta huziba mfuko ndani ya saa chache, na kazi ya kuifua huishia kuwa ajira ya kudumu.

Mafuta yanahitaji hatua yake. Yakitoka tangini yakiwa ya moto hupita kwenye wavu kama maji, kisha hugandia kwenye bomba linalopoa. Weka bakuli pana kati ya kichujio na tangi la akiba, maji yatulie dakika 30 hadi 60 na kupoa, uengue utando wa juu. Ukiruhusu mafuta hayo kufika kwenye mtambo, utalisha bakteria wenye nyuzi, na chumba cha hewa kitafunikwa na povu zito la kahawia lisilovunjwa kwa maji. Likishatokea, huchukua wiki kadhaa za kupunguza umri wa tope, yaani muda ambao tope hukaa mtamboni, kuliondoa, na umri huo ukipungua sana unawapoteza bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Ni bei kubwa kwa kuruka bakuli moja.

Makapi yapeleke kwenye mtambo wa bayogesi kama upo. Kila kilo ya COD inayomeng'enywa hutoa hadi mita 0.35 za ujazo za methani. Kama haupo, mboji.

Kumimina

Hapa ndipo seti hupoteza alama yake ya pili. Paneli nyingi zina saa tu: pampu inafanya kazi dakika kadhaa kila saa, mchana na usiku. Naitrojeni inayoingia kwenye mtambo hupanda asubuhi na kushuka usiku wa manane, kwa hiyo kipimo kilichowekwa kutosheleza asubuhi huzidi usiku. COD iliyozidi haipotei. Inavuka hadi chumba cha hewa, ambako kila kilo hula takriban nusu kilo ya oksijeni, na bakteria wala-uchafu wanaokua upesi huwabana wale wa amonia. Utaona amonia ikipanda siku chache baada ya kushangilia kushuka kwa naitreti.

Dai kipima naitreti mwishoni mwa chumba kisichopulizwa, na pampu inayoongeza au kupunguza kasi ili pale pabaki miligramu 1 hadi 2 kwa lita. Usilenge sifuri. Sifuri haikuambii kama umefika au umepitiliza. Ikiwa kipima hicho kiko nje ya uwezo, angalau gawa siku katika vipindi vinne kwa kufuata vipimo vya mkono vya saa 24.

Mimina mwanzoni kabisa mwa chumba, karibu na kikorogeo, chini ya uso wa maji. Kumimina juu huleta harufu na huingiza hewa. Pampu iwe ya skrubu ya mpira au ya kubana mrija. Ile ya kiwambo inayotumika kwa klorini ina vali ndogo zinazonaswa na nyuzi za mboga, na huendelea kugonga kana kwamba inapampu. Mabomba na matangi yote yawe ya plastiki nzito au chuma cha pua cha daraja la 316; asidi hizi hula zege na chuma cha kawaida, na tangi la zege lisilopakwa kitu huanza kuonyesha kokoto zake.

Tangi la akiba likorogwe kidogo kidogo, vinginevyo kinachotoka asubuhi si kile kinachotoka jioni. Maji ya njia ya pili, yenye pH karibu na 6, huendelea kuchacha humo, lisizibwe. Kuyaweka kwenye madumu yaliyofungwa ni kuyaomba madumu yavimbe.

Kinachoingia bila kualikwa

Maji ya chachu si kaboni tupu. Kwenye mfano wetu, kilo 600 za mabaki zina takriban kilo 3 za naitrojeni, na theluthi hadi nusu yake huyeyuka. Unamimina kilo 1 hadi 1.5 ili uondoe kilo 10. Faida ipo, lakini ni kilo 8.5 hadi 9, na anayekuandikia 10 amesahau kutoa. Mabaki yenye nyama na samaki wengi huharibu hesabu hii zaidi. Yenye nafaka na mizizi huiboresha. Kigezo chepesi: gawa COD iliyoyeyuka kwa naitrojeni yote iliyoyeyuka. Ikifika 40, vizuri. Ikishuka chini ya 20, karibu theluthi ya kazi unayoifanya ni ya kusafisha ulichoingiza mwenyewe.

Fosforasi iliyoyeyuka inaweza kuongeza miligramu 0.3 hivi kwa lita kwenye mtambo wa mfano huu. Ukiwa na kikomo cha 1, hiyo si ndogo.

Tope nalo huongezeka. Kilo 60 za COD huzaa karibu kilo 20 za tope kavu kwa siku, yaani mita 2.5 za ujazo za tope la ziada lenye asilimia 0.8 ya vitu vikavu. Kama mashine yako ya kukamulia tope tayari inafanya kazi hadi usiku, anza kwanza na hiyo.

Epuka modeli zinazopika mabaki kwa mvuke zaidi ya nyuzi 150. Huyeyusha sana, kweli, lakini sukari na protini vikiungana kwenye joto hilo hutoa rangi ya kahawia isiyoliwa na bakteria, na rangi hiyo hutoka moja kwa moja kwenye maji ya mwisho pamoja na naitrojeni iliyofungwa ndani yake.

Kama lengo ni fosforasi

Bakteria wanaohifadhi fosforasi huhitaji asidi nyepesi mahali pasipo na oksijeni wala naitreti, na kwa kila gramu ya fosforasi hutaka gramu 10 hadi 16 za COD ya kuliwa upesi. Hapa njia ya pili ya uchachushaji ina ubora wa kweli juu ya asetati inayonunuliwa. Propioniki iliyomo huwapendelea wahifadhi fosforasi dhidi ya washindani wao, wale wanaokula asidi zilezile bila kubeba fosforasi yoyote, na ambao hustawi kwa asetiki tupu hasa maji yakiwa na joto. Njia ya laktiki haina uhakika huo; kwa fosforasi tusingeinunua. Tope linalorudi likiwa na naitreti nyingi, asidi zitaishia kwa waondoaji wa naitreti kabla ya kumfikia mlengwa, kwa hiyo shughulikia naitreti kwanza.

Dhidi ya washindani

Metanoli, alkoholi inayonunuliwa kama chakula cha bakteria, ndiyo kipimo cha haki. Kilo 10 za naitrojeni zinataka takriban kilo 30 za metanoli, ambazo ni lita 38. Linganisha na kilo 600 za mabaki na lita 1,200 za maji ya chachu. Metanoli haina naitrojeni, haina fosforasi, haina mifupa. Lakini ni sumu, mvuke wake huweza kushika moto kuanzia nyuzi 12 hivi, na huliwa na kundi maalumu la bakteria linalohitaji wiki kadhaa kujijenga. Ukiisimamisha mwezi mmoja unaanza upya. Maji ya chachu huliwa na bakteria waliopo tayari, siku ileile. Kwa mtambo unaohitaji kaboni kwa misimu tu, hilo lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye jedwali.

Mshindani anayesahaulika ni tope la tangi la awali. Likichachushwa siku mbili hadi nne hutoa asidi zilezile, na tayari liko ndani ya uzio. Kiasi chake ni kidogo na naitrojeni yake ni nyingi kidogo, lakini mtambo wenye upungufu mdogo unaweza kumaliza tatizo hapo bila kupokea lori hata moja.

Kusaga mabaki jikoni na kuyaachia yaingie kwenye bomba la majitaka hatukupendekezi. COD hufika kweli, ila sehemu yake huliwa njiani, sehemu huzama kwenye tangi la awali, na mafuta hubaki kwenye mabomba.

Kabla ya kusaini

Karatasi ya maabara iorodheshe COD iliyochujwa kwa wavu wa mikromita 0.45, si COD jumla pekee, pamoja na asidi moja moja, naitrojeni yote, fosforasi na kloridi. Maji yenye chumvi nyingi hudanganya kipimo cha COD cha daikromati kloridi ikizidi miligramu 2,000 kwa lita kwenye sampuli, kwa hiyo uliza yalizimuliwa mara ngapi. Ule upimaji wa haraka wa asidi unaotumika kwenye mitambo ya bayogesi, wa kudondoshea asidi kutoka pH 5 hadi 4.4, haufai kwa maji ambayo tayari yako chini ya 5. Ukiona namba zake kwenye karatasi ya maji ya njia ya laktiki, zifute.

Sharti la kupokea liandikwe kwa kilo za COD iliyoyeyuka kwa siku zitokanazo na mabaki yako mwenyewe, kwa siku 30 mfululizo, na si kwa tani zinazoingia. Vipuri vya kudai vije pamoja na seti: mipira miwili ya ndani ya pampu, wavu mmoja wa kichujio, kipima pH kimoja, na seti moja ya meno ya mashine ya kusaga. Mpira wa pampu ndio utakaokwisha kwanza, na huisha upesi zaidi pale kichujio kinapopitisha mchanga, hivyo hakikisha namba yake imeandikwa kwenye pampu yenyewe na siyo kwenye kitabu tu.